Sanduku la Madaftari ya Kule

Kila Jumapili alasiri, wanaume wazima wa mtaa wetu wa Mtendeni, wenye kazi zao na wake zao, walikusanyika uani kwetu kumwogopa simba ambaye hayupo. Nawasema kwa dharau kwa sababu nilikuwa nao, na huyo simba nilimwogopa kuliko wao.

Mchezo ule aliuanzisha kaka yangu. Alikuwa karani wa ghala la mizigo pale stesheni, kijana mwembamba aliyevaa suruali ya kunyooshwa pasi hata siku za mapumziko, na ofisini kwao fomu zilizoharibika zilikuwa nyingi kuliko mizigo. Nyuma ya fomu hizo ndiko alikoanza kuandika, kabla hajahamia kwenye madaftari. Babu zetu walibeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo, na kila mzee wa mji huu alikuwa na hadithi moja ya safari hiyo, aliyoirudia mpaka wajukuu wakamkimbia. Kaka hakukimbia. Alizichukua hadithi hizo, akaondoa miji inayojulikana, akaweka mito na milima yake mwenyewe, na watawala wake wakorofi, katika nchi ambayo hakuipa jina. Sisi tuliiita Kule. "Leo tunakwenda Kule?" watu waliulizana sokoni, na asiyejua alidhani wanakwenda kilabuni.

Kuucheza hakukuwa kugumu, ingawa wapo waliocheza miaka mitatu bila kuuelewa. Watu watano au sita wanakaa kwenye mkeka. Mmoja ni kirangozi, kiongozi wa msafara. Yeye ndiye mwenye daftari, na kazi yake ni kuwaambia wenzake wamefika wapi na wanaona nini. Waliobaki, kila mmoja anajichagulia mtu wa kuwa: mpagazi, mpishi, mganga, mwenye bunduki. Kirangozi akisema mbele kuna mto umejaa, unasema utafanya nini, kisha unarusha simbi tano, zile kauri ndogo. Zinazolala mdomo juu ndizo zinazoamua kama umevuka au umekwenda na maji. Chakula tulikihesabu kwa punje za mahindi. Punje zako zikiisha, unahamia pembeni unywe chai, na msafara unaendelea bila wewe.

Mimi nilikuwa mke wa mpagazi, kwa sababu hakuna mwanamume aliyekubali kuwa yeye. Wanaume wote walitaka bunduki. Mwenye bunduki alikufa kila wiki, kwa kiherehere chake, na Jumapili iliyofuata waligombania tena kuwa yeye. Mimi na sufuria langu tulivuka mito yote.

Kila daftari lilikuwa kituo kimoja cha safari. Kaka aliandika vituo kumi na kimoja, kila kimoja na ramani yake ya kalamu ya risasi, watu wake, na hongo ya kupita inayodaiwa na mtawala wa hapo. Kituo cha kumi na moja kilifika ukingoni mwa ziwa, na hapo akasimama.

Balaa lilianza wenzake walipogundua kwamba kuandika kituo si kazi ya malaika. Kila mtu akaandika chake. Tuliviita vituo vya kando, kwa kuwa havikuwa kwenye njia ya kaka bali vilichomoza pembeni yake, na kwa kweli vingi vingebaki huko huko porini. Fundi baiskeli mmoja aliandika vitatu, na katika vyote kulikuwa na binti wa mtawala anayevutiwa na mafundi. Mwalimu mmoja aliandika kituo ambacho huwezi kupita mpaka upige hesabu za kuzidisha. Kijana mmoja wa tawi la chama, aliyekuwa anatetemeka kwa Azimio, aliandika kituo ambacho msafara unasimamishwa, unapewa majembe, unalima shamba la pamoja na kuhudhuria mikutano mpaka punje za wote zinakwisha. Hakuna aliyewahi kutoka katika kituo hicho. Nakiri kwamba ndicho pekee kilichofanana na maisha.

Vyote hivyo kaka alivipokea kwa mikono miwili. Nilipomwambia ni takataka alinijibu, "Kule ni kukubwa, dada," akaviingiza katika sanduku lake la bati pamoja na vya kwake. Na aliazima kwa yeyote. Mtu akija na uso na jina, anaondoka na daftari. Mengine yalirudi na alama za mchuzi, mengine yalirudi na kurasa zilizoongezwa. Kwa njia ya reli yalifika mbali kuliko tulivyofika sisi. Wakulima wa tumbaku wa Urambo walikuwa na mkeka wao. Hata Ulyankulu, wakimbizi wa kutoka Burundi walipowekwa huko, ilifika siku tukapokea kutoka kwao daftari jembamba la kituo cha kando, kwa Kiswahili cha kujifunza. Hicho sikukicheka. Hakikuwa na simba hata mmoja, kilikuwa na watu wanaotembea na kuhesabu watoto kila jioni, na aliyekiandika alikuwa ametembea kweli.

Aliyeyabeba madaftari hayo kwenye reli alikuwa mtani wetu. Lazima nimweleze huyu, maana ndiye niliyemdharau kuliko wote, na kwa muda mrefu kuliko wote. Alikuwa gadi wa treni, Mzaramo, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha behewa zima. Babu zake waliwapokea babu zetu pwani wakiwa na mizigo vichwani, na tangu enzi hizo Mzaramo na Mnyamwezi wana ruhusa ya kutukanana, kuchukuliana vitu na kuchezeana hata msibani, bila yeyote kukasirika. Aliniita mpagazi wake. Mimi nilimwita mtu wa nazi. Kuucheza mchezo hakujua kabisa. Alikaa kwenye mkeka mara chache, akarusha simbi kana kwamba anafukuza kuku, na kila akiulizwa utafanya nini mbele ya hatari alijibu, "Nitasubiri ipite."

Kisha kaka akafa. Homa ya uti wa mgongo, siku nne, basi. Hajatimiza miaka thelathini.

Siku ya tatu ya matanga, kisomo kilipomalizika, yule mtani akaingia chumbani kwa kaka bila kubisha hodi, akatoka na sanduku la bati kichwani. Akalizungusha uani mara mbili huku akichechemea kama mpagazi aliyechoka, akaguna, akalalamikia posho. Wanawake walianza kucheka machozi yakiwa bado machoni. Akaliweka karibu na mlango wa ua, akalikalia. "Mzigo huu unakwenda pwani," akatangaza. "Anayeutaka na anikomboe."

Wote mnaijua mila hiyo. Wafiwa hujifanya wamekasirika, hubishana naye kidogo, halafu humpa kuku, au bakuli la unga, na kitu hurudi ndani. Kwa njia hiyo wafiwa wanalazimishwa kusimama, kusema, na kujali kitu kimoja cha marehemu mbele za watu. Kuku alikuwepo, nilimwona anadonoa chini ya kinu.

Baba akakataa. Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa msikitini, mzaliwa wa mji huu kama baba yake, na katika uzee wake alikuwa ameamua kwamba utani ni mambo ya watu wa vijijini. "Nyumba hii haina mizaha," alisema. "Matanga ni kisomo. Mwacheni akae hapo mpaka achoke." Alidhani asipokombolewa yule bwana ataona aibu na kuliacha sanduku. Ni mtu wa mjini tu anayeweza kukosea namna hiyo. Hata mtoto wa Sikonge angemwambia kwamba kitu alichokikalia mtani, wenyewe wakikataa kukikomboa, kinaondoka naye.

Mtani alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Mizaha ilimwishia. Alitutazama mmoja mmoja, na mimi aliponitazama nilitazama pembeni. Kisha akajitwika sanduku na kwenda zake, safari hii bila kuchechemea.

Nilimngoja wiki mbili, halafu nikamfuata kwenye nyumba za reli alikokuwa anakaa. Sanduku lilikuwa chumbani kwake, limewekwa juu ya makopo manne yenye mafuta taa ili mchwa wasipande, na pembeni yake majani ya mwarobaini. Nilimwona mpumbavu wa kulala na sanduku kama mke mdogo.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba, mpagazi wangu. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na miguu yangu."

"Miguu nimeiona, mizuri kwa kubeba. Kuku yuko wapi?"

"Nataka madaftari ya kaka."

"Na mimi nataka kuyatoa. Lete kuku."

"Baba hataki."

"Basi lete unga. Lete chumvi kiganja kimoja, nitaapa nimeona ng'ombe."

"Watu wanayahitaji. Wanakuja nyumbani kila siku kuuliza. Kwa nini usiwaazime wewe?"

Hapo aliacha kucheka. "Niazime cha nani?" aliniuliza. "Changu si changu. Chenu si chenu mpaka mnikomboe. Hata kufuli sijaligusa. Likae hapo, liko njiani."

Nyumbani nilikuwa na chumvi, mtungi mzima. Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba mwizi hapewi chumvi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa Baba, na kwa kuwa sikutaka kumdharau Baba, nilihamishia dharau yote kwa Mzaramo. Alikuwa mnene, alikuwa na sauti kubwa, alitosha.

Miaka ikapita hivyo, na madaftari yakiwa hayapatikani kwa yeyote. Hapo ndipo nilipowaona wapenzi wa Kule walivyo. Walipomkosa kaka na sanduku lake, jambo la kwanza walilofanya ni kuunda kamati. Mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina wa hazina isiyokuwepo. Kamati ya Kurejesha Madaftari ilikaa vikao vinne. Kikao cha kwanza kilichagua jina la kamati na cha pili kikalibadilisha. Cha tatu kiliandika barua kwa mtani yenye mstari wa "YAH:" uliopigiwa rula, ikimtaka kwa heshima na taadhima. Mtani aliipokea, akaisoma yote, akawajibu kwa mdomo: "Kuku. Na aletwe na wafiwa." Kikao cha nne kilijadili jibu hilo kama lilikuwa rasmi.

Wakawa wanacheza kwa kukumbuka. Mmoja aliapa mto wa kituo cha saba una daraja la kamba, mwingine aliapa hauna, na wakanuniana mpaka Idi. Mwenye bunduki, ambaye katika maandishi ya kaka alikuwa na risasi sita, akawa na risasi zisizokwisha. Mtu mmoja kule Urambo alianza kusema kwamba kaka aliandika kituo chenye ndege ya kuruka. Kaka yangu! Mtu ambaye alimfanya mganga atembee siku mbili kutafuta kijiti cha kuwashia moto. Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini, wengi wakatawanyika na vyombo vyao, na Jumapili uani kwetu pakabaki mimi, cherehani yangu na kuku.

Nilichoogopa kilikuwa kimoja. Mjini watu walimkumbuka kaka kwa sababu ya Kule. Wakimaliza kuisahau Kule, angebaki kukumbukwa na mimi na Baba, na Baba hakupenda kumtaja. Nilikuwa nayataka yale madaftari yasomwe, yachafuliwe mchuzi, yabishaniwe na wapumbavu wale wale. Nilijua pa kuyapata na bei yake. Sikwenda.

Baba alipofariki, mtani alifika kabla ya ndugu wa Nzega. Alikuwa kaburini na jembe, jasho linamtiririka, akimlaumu marehemu kwa sauti kwamba amechagua udongo mgumu kwa makusudi. Siku ya tatu tulimkuta amejilaza kizingitini, amevaa kofia ya Baba, mikono kifuani. Kila aliyetaka kupita alimnyooshea kidole na kusema kwa sauti ya Baba, ile ile, ya puani: "Nyumba hii haina mizaha!"

Uani walicheka mpaka wakashikana. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mimi nilicheka kwa hasira, nikalia humo humo, na nilipofuta uso nikaona ananitazama.

"Mwanangu," shangazi akanivuta kanga, "mkomboe huyu. Mpaka lini?"

Nilikwenda nyuma ya jiko nikamkamata jogoo mmoja mwenye mguu mbovu. Walikuwepo wazuri zaidi, nilichagua huyo. Nikamtupia kifuani. Mtani akainuka, akampokea kwa mikono miwili, akamwinua juu watu wamwone, akamsifu mbawa, akamsifu upanga, akasema tangu azaliwe hajawahi kupewa ngamia. Ilikuwa imekwisha. Kazi ambayo kamati ilishindwa kwa vikao vinne na mimi kwa miaka saba, iliishia kwa jogoo kiwete na pumzi mbili.

Kesho yake sanduku lililetwa kwa mkokoteni. Kufuli la kaka lilikuwa halijaguswa kweli, ufunguo nilikuwa nao mimi siku zote. Ndani madaftari yalikuwa kama alivyoyapanga, kumi na moja ya kwake chini, ya kando juu, hakuna hata moja lililoonjwa na mdudu. Na juu ya kifuniko, kwa nje, palifungwa kwa kamba daftari jingine, limevikwa karatasi ya kaki.

"Hili ni la kando," mtani alisema, akitazama gurudumu la mkokoteni. "Nimeliandika mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye behewa la gadi. Likifaa, litie ndani na wenzake."

Nilisema tutaona.

Basi nikawa mwenye sanduku. Na nilikuwa mwema, jamani, nilikuwa mwema mno! Niliweka meza barazani karibu na cherehani, nikatangaza kwamba madaftari yanapatikana tena, na waliobaki wakaja, na wapya wakaja, wanafunzi, makarani, hata wawili watatu waliokuja kwa baiskeli kutoka vijijini. Walinakili barazani kwangu, maana karatasi ya kaboni ilikuwa adimu kama sukari. Yaliandikwa tena vituo vya kando. Niliwaambia wote habari ya gadi mmoja mchoyo aliyeyafungia madaftari miaka saba akisubiri kuku, nao wakatikisa vichwa.

Lakini kaka alipokea kila kitu, na mimi sikuwa kaka. Niliona sanduku limejaa upuuzi, na niliona ni kazi yangu kumlinda marehemu na marafiki zake. Nikaanza kuchambua. Ndani vikabaki vya kaka, na kile cha Ulyankulu, na vingine viwili vitatu nilivyovikubali. Fundi baiskeli na mabinti zake, nje. Mwalimu na hesabu zake, nje. Kijana wa tawi nilimwacha, kwa kuwa alinichekesha.

La mtani nililifungua siku moja nikiwa na wageni. Nilisoma kurasa mbili. Msafara wake uliondoka kwa wakati na kufika kwa wakati. Kila mpagazi alikuwa na mahali pa kukaa. Hakukuwa na kiu, wala mwizi, wala mto uliojaa. Mvua ilinyesha watu wakiwa wamekwisha ingia ndani. Kirangozi alipuliza filimbi na kupepea kitambaa cha kijani. Nilizisoma kurasa hizo kwa sauti, kwa sauti yake ile ya kuamsha behewa, na wageni wangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikalifunga, nikalitupa kwenye rundo la yasiyofaa. Wiki hiyo mama muuza karanga wa pale kona alipita kuuliza kama nina karatasi za kufungia, maana magazeti yalikuwa hayapatikani. Nilimpa rundo zima. Alinishukuru, akaniombea dua.

Miezi mingi baadaye mtani akaja, mchana, amevaa nguo za nyumbani. Nilikuwa sijawahi kumwona bila sare. Alikuwa amestaafu, anarudi kwao pwani kwa treni ya siku ile, mizigo imekwisha tangulia stesheni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanitukana kidogo, nikamtukana kidogo. Akasifu meza. Akauliza watu wanakuja? Nikamwambia wanakuja.

"Nimeanza kuwaeleza wajukuu habari ya Kule," alisema. "Kwa barua. Wananiuliza maswali ambayo siyawezi. Nikasema nitakwenda nalo lile langu, japo la kando, tujaribu kurusha simbi. Nitakurudishia kwa posta." Akajikuna shavu. "Kama ulilitia ndani lakini. Kama hukulitia, ndiyo vizuri zaidi, hutalikosa."

Ningeweza kumdanganya kwamba limeazimwa. Yeye ndiye mtu pekee ambaye angeniamini. Nikamwambia ukweli wote, rundo, mama wa kona, karanga.

Akacheka. Alicheka kwa sauti yake yote, akipiga paja, mpaka watu wa duka la pili wakachungulia. "Mpagazi wangu umenila!" alisema. "Umenila na chumvi!" Aliendelea kucheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, na mimi nilikaa nimeshika kitambaa cha mtu chini ya sindano, sikanyagi cherehani.

"Nisamehe," nikasema.

"Aa. Mtani haombwi radhi. Unataka kunivunjia mila?"

"Nasema kweli, nisamehe."

"Na mimi nakwambia kweli, sina pa kukasirikia." Akapangusa macho. "Ulisoma mpaka mwisho?"

"Kurasa mbili."

"Ah. Huko mwanzo ni safari tu. Nilitaka wasipate shida njiani." Alitazama barabara. "Mwishoni nilimweka kaka yako."

Nilimwuliza alimweka wapi, alimweka akifanya nini. Nilimwuliza mara mbili. Akasema hakumbuki vizuri alivyopanga maneno; kazi ya gadi ni kuandika na kukabidhi, na nakala hakuwa nayo, kaboni ingetoka wapi. Alikumbuka kwamba msafara unafika ziwani na yeye yupo pale. Alikumbuka alikuwa amempa koti.

"Basi nipe karanga," alisema, "ndiyo kunikomboa kwenyewe. Treni hainingoji."

Nilikwenda mwenyewe mpaka kona. Mama wa karanga alikuwepo. Nilimwuliza kama zile karatasi zangu zimebaki, akashangaa, akasema zilikwisha zamani, zilikuwa karatasi nzuri, nzito. Nikanunua koni moja, ya karanga za kukaanga, nikarudi nayo nikampa kwa mikono miwili.

Alizila zote hapo hapo, moja moja, akimenya maganda membamba kwa kidole gumba. Zilipokwisha akaifungua ile koni, akainyoosha juu ya goti, akaipangusa chumvi. Ilikuwa gazeti la zamani, habari za mpira. Aliisoma yote, akaigeuza, akasoma na upande wa pili.